Tarakilishi Inapohema Baada ya Kutiwa Mfumo Mpya

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda. Katika makala haya nanuia kukufunza namna ya kutibu kidonda kimoja ambacho wengi wetu tumekiona: tarakilishi iliyotiwa mfumo mpya wa uendeshaji, kisha ikaanza kuhema kama punda aliyepandishwa mlima na mzigo. Feni inavuma, kipanya kinakokota miguu, na ukifungua faili unaweza kwenda kunywa uji ukarudi ukaikuta bado haijafunguka.

Jambo hili limeshamiri kwa sababu inayojulikana. Kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Basi wenye mashine wakahimizwa wahamie Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Kuhama ni vyema, lakini nani asiyejua kwamba kuhama nyumba kuna kazi yake?

Asilimia hiyo ni ya nini?

Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi. Ukitaka kujua ina kazi kiasi gani, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha liitwalo Task Manager litafunguka. Tazama safu iliyoandikwa CPU. Ikisoma 10, prosesa inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ikisoma 100, haina nafasi hata ya kupumua.

Hapo ndipo wengi hushtuka bure. Asilimia 100 kwa dakika chache si ugonjwa. Mwanafunzi aliyeinamia karatasi ya mtihani kwa saa mbili, je, ni mgonjwa? Anafanya kazi! Ugonjwa ni pale asilimia inapokwama juu siku nenda siku rudi, na wewe hujafungua chochote.

Upo mtego mwingine. Katika ukurasa wa Details utaona jina System Idle Process, pengine likiwa na 95. Usipige kamsa. Hiyo si programu inayokula nguvu. Ni kipimo cha nguvu ambazo hazitumiki. Kadiri namba hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo prosesa inavyostarehe.

Kwa nini mfumo mpya huleta kazi nyingi?

Hebu fikiria siku ya kufungua shule. Askari langoni anapekua kila sanduku upya, hata la yule aliyemjua tangu kidato cha kwanza. Mkutubi naye anaorodhesha vitabu vyote. Lori la vyakula linashusha magunia. Yote hayo kwa wakati mmoja!

Ndivyo ilivyo ndani ya mashine. Askari ni kinga ya virusi, ambayo jina lake huonekana kama Antimalware Service Executable. Mkutubi ni Windows Search, anayeorodhesha faili zako ili ukitafuta upate upesi. Lori ni Windows Update, linaloleta masasisho; mpakuaji wake huitwa Windows Modules Installer Worker. Ukiwakuta hawa juu ya orodha siku ya kwanza au ya pili, waache wamalize. Dawa ya kwanza, jamani, ni subira: iache mashine ikiwa imewashwa na umeme wa kutosha, usiifanyie kazi, hata usiku kucha.

Hatua za uchunguzi

Subira ikishindwa, fuata hatua hizi kwa utaratibu wake.

Kwanza, hifadhi nakala ya kazi zako mahali pengine kabla hujagusa kitu.

Pili, zima kisha uwashe upya. Masasisho mengine hayakamiliki mpaka ufanye hivyo.

Tatu, katika Task Manager bofya neno CPU ili wala-nguvu wakubwa wapande juu, kisha andika majina yao daftarini pamoja na saa. Baada ya dakika kumi andika tena. Jina linalobaki pale pale ndilo la kushukiwa.

Nne, tazama pia safu ya diski na ya kumbukumbu. Ikiwa prosesa ina 20 lakini diski ina 100, unamlaumu asiyehusika. Diski za zamani zinazozunguka huelemewa upesi. Kumbuka pia kwamba Windows 11 hudai kumbukumbu ya GB 4 kwa uchache. Mwenye kiasi hicho tu asitarajie mbio za farasi.

Tano, mshukiwa akiwa ni System interrupts, shida huenda iko kwenye kifaa au draiva yake. Draiva ninayosema si yule wa matatu! Ni programu ndogo inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa kama vile kadi ya picha au mashine ya kuchapisha. Draiva ya mfumo wa zamani huweza kukosa kuelewana na mfumo mpya. Tafuta mpya kwa mtengenezaji wa kifaa chenyewe.

Sita, punguza programu zinazojiwasha zenyewe. Zimo katika ukurasa wa Startup apps wa dirisha lile lile. Zima moja, anzisha mashine upya, pima. Ukizima kumi kwa mpigo utajuaje mwizi alikuwa nani?

Saba, ukishuku kwamba faili za mfumo zimeharibika, fungua dirisha la amri kwa idhini ya msimamizi, uandike sfc /scannow. Mashine itazikagua na kuzirekebisha ikiweza.

Nane, gusa mashine. Je, ina joto kali? Vumbi likiziba feni, prosesa hupunguza mwendo wake ili isiungue, na kazi iliyochukua dakika moja ikachukua tano.

Mfano wa hapa hapa shuleni

Msije mkadhani ninahubiri nadharia tupu. Muhula uliopita mashine za chumba chetu zilitiwa mfumo mpya, na zote zikawa nzito. Katika mashine namba 7 mlikuwa na kazi za mradi za wanafunzi sita wa kidato cha nne, miezi mingi ya jasho, na hakukuwa na nakala kwingine. Walikuwepo waliosema, "Wacha tufute kila kitu tuanze upya!" Wenye mradi walikaribia kulia.

Mwalimu wetu akakataa. Tulinakili kazi zile kwenye flashi mbili, kisha tukashika daftari. Mashine zote tuliziacha usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimetulia, isipokuwa namba 7. Daftari lilionyesha jina moja tu kila mara: programu ya kusimamia mashine ya kuchapisha iliyokwisha kufa zamani. Kumbe ilikuwa ikibisha hodi bila kukoma kwenye nyumba isiyo na mtu! Tuliiondoa programu hiyo, tukawasha upya, na prosesa ikatulia. Hakuna faili hata moja iliyopotea. Lau tungefuta kila kitu kwa pupa, wale sita wangeanza mradi upya muhula wa mwisho.

Mambo ya kuepuka

Usizime kinga ya virusi ati ndipo mashine ipate nafuu; utakuwa umemfukuza askari ili lango lipitike upesi. Usikatize programu ya mfumo usiyoijua. Usipakue programu zinazojigamba kuongeza kasi, kwani nyingine ni virusi zenyewe. Wapo wadudu wanaoiba nguvu za prosesa yako kumchumia mtu mwingine pesa za kidijitali. Ukiona jina geni linakula nguvu mchana na usiku, kagua mashine nzima kwa kinga ya virusi.

Na ikishindikana kabisa, unaweza kurudi mfumo wa zamani. Windows 11 hukupa siku 10 za kufanya hivyo, halafu hufuta mabaki ya mfumo uliotangulia. Lakini kurudi Windows 10 ni kurudi kwenye nyumba isiyokarabatiwa tena, kwa hiyo iwe ni hatua ya mwisho.

Zoezi

1. System Idle Process ikisoma 97, je, mashine ina kazi nyingi au chache? Eleza.
2. Kwa nini tunazima programu moja moja?
3. Taja wafanyakazi watatu wanaoshughulika sana baada ya mfumo mpya kuingia.
4. Ni hatua gani hutangulia zote, na kwa nini?

Peleka majibu kwa mhariri wa chama, naye atayasahihisha. Kwa sasa naomba kuweka kalamu chini nikikukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Pima kwanza, kata baadaye. Alamsiki!