Kutengeneza Hei kwa Zana Kuukuu Katika Majira Yasiyotabirika

Somo kwa wafugaji wa kata zetu

Kila mwaka mfugaji wa Babati hukabiliwa na mtihani uleule. Miezi ya Aprili na Mei majani huwa tele kandokando ya mashamba, hata ng'ombe huyabagua. Ifikapo Septemba, ng'ombe huyohuyo hutafuna mabua makavu, maziwa hupungua, na mwenye mifugo hulazimika kununua malisho kwa bei ya juu au kuuza mnyama kwa bei ya chini. Dawa ya hali hii ni kuyahifadhi majani ya masika yatumike wakati wa kiangazi. Ugumu uko mahali pamoja: majani huwa bora kabisa wakati ambao mvua haijakoma.

Hasara ya kutokujiandaa tumeiona karibu. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa mwaka 2022, ukame uliangamiza maelfu ya mifugo wilayani Simanjiro, ndani ya mkoa wetu wa Manyara. Haikupita miaka miwili, mvua za El Niño zikaja kwa nguvu, na tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yakaleta maafa Katesh, wilayani Hanang. Ukame na mafuriko sasa hufuatana kwa karibu. Mfugaji hana budi kujifunza kukausha majani katika vipindi vifupi vya jua, kwa zana alizonazo.

Wakati wa kukata

Nyasi kama Rhodes na mkia wa mbweha zikatwe zinapoanza kutoa maua. Wengi husubiri mpaka Juni au Julai ili mvua ikome kabisa. Kufikia hapo nyasi zimekwisha kudondosha mbegu na mashina yamekuwa magumu. Protini yake mara nyingi hushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hushindwa kuyameng'enya majani ipasavyo. Mnyama hushiba, lakini hanufaiki. Hivyo kungoja jua la uhakika nako ni hasara. Huja polepole tu, wala haionekani kama ile ya kunyeshewa.

Hesabu ya maji

Kilo 100 za majani mabichi huwa na takriban kilo 75 za maji. Hei inayofaa kuhifadhiwa isizidi asilimia 15 ya unyevu. Maana yake, katika kila kilo 100 za majani, jua na upepo viondoe lita 70 hivi za maji, na mfugaji abaki na kilo 29 za hei. Anayeikumbuka hesabu hii hatalundika majani mabichi uani na kutegemea yakauke yenyewe.

Jani lililokatwa huendelea kupumua na kuuteketeza utamu wake mpaka linyauke vya kutosha. Kwa hiyo saa za mwanzo ndizo za thamani zaidi. Kata asubuhi umande ukishapukutika, kama saa tatu, ukiacha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 ili nyasi zichipue tena. Tandaza majani papo hapo kwa tabaka jembamba. Yageuze adhuhuri, kisha tena alasiri. Jioni yakusanye katika mafungu madogo ili umande ulowanishe sehemu ya juu tu, na kesho yake uyatandaze upya. Jua likiwa zuri, siku mbili hadi tatu hutosha.

Kupima anga na kupima nguvu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya Mlima Kwaraa ni ishara ya kuangaliwa, lakini yasiangaliwe peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa kila siku, wa siku kumi na wa msimu, nao husomwa redioni na kwenye simu. Usikate kabla ya kupata dalili ya siku tatu kavu.

Hata hivyo utabiri huweza kukosea. Kinga ya kweli ni kukata kidogo kidogo. Mtu mwenye fyekeo moja na wasaidizi wawili asifyeke ekari nzima kwa siku moja. Akate kiasi ambacho mikono hiyohiyo itaweza kukigeuza na kukiingiza ndani kabla ya giza iwapo wingu litatanda. Mvua ikinyesha, atapoteza fungu moja badala ya shamba zima. Haba na haba hujaza kibaba.

Ifahamike pia kwamba mvua hudhuru zaidi majani yaliyokaribia kukauka kuliko yaliyokatwa punde, kwa kuwa huyaosha na kuyaondolea virutubisho. Ukilazimika kuchagua cha kuokoa, anza na fungu kavu.

Zana kuukuu zitunzwe kabla ya msimu

Fyekeo, mundu, reki ya mbao na sanduku la mbao vinatosha kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu. Zana ya zamani haina ubaya. Ubaya ni kuharibika katika siku mbili pekee za jua. Noa makali na kaza mipini mwezi Machi. Kwa wanaokodi trekta lenye mashine kongwe ya kukatia, visu, mikanda na boliti vikaguliwe mapema, na vipuri vinavyovunjika mara kwa mara viwekwe tayari. Shafti inayozungusha mashine isiachwe bila kinga, na majani yaliyokwama yasiondolewe kamwe injini ikiwa inaunguruma.

Ardhi ikiwa na unyevu, jengeni uchanja. Simamisha miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, ongeza fito za kukingama, kisha tundika majani yaliyokwisha kunyauka. Upepo hupita chini na katikati, na mvua ndogo huteleza juu. Huko Norwe, nchi yenye mvua nyingi, wakulima walikausha majani kwa muda mrefu kwa kuyatundika juu ya ardhi namna hii kabla ya kupata mitambo.

Kufunga marobota

Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 45. Tandika kamba mbili za katani ndani, jaza hei, kanyaga kwa miguu mpaka ishindiliwe vyema, funga, kisha inua sanduku. Robota lililoshindiliwa sawasawa huwa na kilo 20 hivi.

Kabla ya kufunga, pima ukavu. Sokota kishada cha majani: yakivunjika yamekauka, yakijikunja bado. Kwa uhakika zaidi, katakata majani, yatie kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, funika na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana au kunata kwenye chupa, rudisha hei juani.

Hatari ya hei mbichi

Hei iliyofungwa ikiwa na unyevu huota kuvu na kupata joto, hata huweza kujiwasha moto yenyewe. Ingiza fimbo ya chuma katikati ya rundo. Ukiitoa baada ya muda ikawa haishikiki kwa joto, bomoa rundo upesi kwa uangalifu, maji yakiwa karibu.

Kuvu nayo si jambo la kupuuza. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ilisababisha ugonjwa na vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo, ng'ombe akiila, hupita hadi kwenye maziwa. Basi mabua yenye magunzi au punje zilizoota kuvu yasipewe mifugo.

Panga marobota juu ya fito, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja, na tumia kwanza yaliyotangulia kuingia.

Kiasi gani kinatosha?

Tuchukue kiangazi cha siku 150, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ng'ombe mmoja wa maziwa akipewa kilo 6 za hei kwa siku, pamoja na majani ya tembo, mabua ya mahindi na masalia ya maharage au mbaazi, atahitaji kilo 900, yaani marobota 45. Kwa marobota matatu kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 15 za jua. Siku hizo si lazima zifuatane.

Mvua ikikataa kabisa kutoa nafasi, usiyaache majani yakomae bure. Yakatekate, yashindilie katika mifuko imara ya plastiki isiyopitisha hewa, na uyahifadhi kama saileji, ambayo haihitaji jua kali.

Zoezi

Hesabu mifugo yako na marobota itakayohitaji. Kagua zana na uandike kinachohitaji kutengenezwa. Kisha pima eneo ambalo kaya yako inaweza kulikata, kuligeuza na kuliokoa kwa siku moja. Ukikwama, muone afisa mifugo wa kata yako. Kumuuliza kabla ya kukata kuna faida kuliko kumuita rundo likiwa limekwisha kuoza.