Nafasi Tupu Katika Fomu

Wengi wetu sasa twatunga programu za kupokea fomu kwa lugha ya PHP. Napenda kueleza jambo moja dogo liwezalo kumdhulumu mtu, nalo ni nafasi isiyojazwa.

Hali ni tatu, wala hazifanani. Kwanza, nafasi ya maandishi iliyoachwa wazi: jina lake hufika, ila ndani hamna neno. Pili, kisanduku kisichotiwa alama: hakifiki kabisa, hata jina lake. Tatu, mtu ameandika 0.

Sasa, isset huuliza, “Je, kimefika?” Nayo empty huuliza, “Je, ni kitupu?” Lakini angalieni: kwa empty hata 0 ni tupu! Tuseme mwalimu ajaza maksi za mtihani. Aliyepata 0 ataandikwa kuwa hakufanya mtihani, na mzazi wake ataambiwa mtoto hakuwepo. Hiyo si haki.

Mimi hufanya hivi:

$maksi = trim($_POST['maksi'] ?? '');

Alama ?? zimo tangu PHP 7 ya mwaka 2015. Maana yake: kisipofika, twaa kilicho kuume. Kisha naandika if ($maksi === ''), na ikiwa ndivyo, namrudishia mwalimu fomu aijaze. Isipokuwa tupu, napima kwa ctype_digit kama ni tarakimu tu, ndipo napokea. Hapo 0 hupita salama.

Wala msitegemee neno required lililo katika ukurasa, kwani mtu aweza kutuma fomu bila kuupitia. Jaribuni wenyewe kwa nafasi tupu, kisha kwa 0.