Ufa wa Mkanda wa Saa

Mtu wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, mkanda wa saa janja yake ukikatika kabla mwaka haujaisha, huambiwa dukani kwamba jasho lake ndilo lililouharibu. Asikubali haraka. Kwanza autazame ufa wenyewe.

Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli, imejikunja kama uzi uliotatizana. Ukiuvuta, minyororo hunyooka. Ukiuachia, hujikunja tena. Lakini minyororo isiyofungamana huteleza, na ndiyo sababu mpira mbichi, ule ambao mababu zetu walikatwa mikono kwa ajili yake enzi za Leopold II, hulainika na kunata kwenye joto. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba salfa na moto huifunga minyororo hiyo pamoja. Mikanda mingi ya leo ni ya silikoni au poliyurethani, ila kanuni haijabadilika: vifungo vikivunjika, mpira umekwisha.

Silikoni huvumilia jua na jasho, lakini ikishapata mkwaruzo mdogo huchanika upesi. Poliyurethani haichaniki kirahisi, ila katika aina zake fulani maji huvunja vifungo polepole, na joto la Oktoba huharakisha kazi hiyo. Mkanda wa namna hiyo huanza kunata, kisha hupasuka.

Halafu kuna tundu la kufungia mkanda. Chukua kifuko cha maji ya kunywa: ukikivuta kwa vidole kinakataa, ukiking'ata kidogo pembeni kinachanika mara moja. Mkazo hukusanyika pale penye pengo. Kwenye bamba pana, ukingo wa tundu la duara hubeba mkazo karibu mara 3 ya sehemu nyingine. Pembe kali hubeba zaidi. Kwa hiyo ufa unaoanzia kwenye pembe ya tundu, mahali ambapo mvaaji hajagusa kwa kisu wala msumari, unaelekeza kidole kwa aliyechonga kalibu.

Na jasho? Saa imetengenezwa ivaliwe mkononi, na mkono hutoa jasho. Hayo ni matumizi yake halali. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba humtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe haimo. Molekuli dhaifu hakuna mnunuzi awezaye kuiona dukani.

Kwa hiyo usikigundishe kile kipande kilichokatika. Kifunge kwenye karatasi pamoja na risiti, ukirudishe dukani bila kukawia.