FUNDISHO: MOTO WA JIKO, KIFUA CHA MTOTO NA MSITU WETU

Leo tutafundishana juu ya kitu ambacho kila mama anakishika asubuhi mbele ya kushika kitu kingine: moto. Bila moto hakuna bugali, hakuna uji wa mtoto, hakuna maji ya moto kwa mama aliyezaa. Lakini moto wa kuni na makala unatulipisha mara mbili. Malipo ya kwanza yanatoka katika kifua cha mtoto. Malipo ya pili yanatoka katika msitu. Mama anayepunguza moto huo anapunguza malipo yote mawili pamoja.

1. Moshi unafanya nini katika kifua?

Angalia ukuta wa jiko lako. Umekuwa mweusi, sivyo? Masizi yale yanayoshika ukuta yanaingia vile vile katika mapafu. Wewe mtu mkubwa, macho yakiwaka unatoka nje. Mtoto aliye mgongoni hawezi kutoka. Anapumua kile unachopumua, na mapafu yake yangali madogo. Moshi unachubua njia ya pumzi, kisha vijidudu vinapata mlango wa kuingia. Hivyo ndivyo nimonia inavyoanza kwa watoto wengi.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, linafundisha kwamba mtoto anayeishi katika moshi wa jiko yuko na hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa huu wa mapafu. Kwa hesabu yao, mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu karibu milioni 3.2 katika dunia yote. Kati yao walikuwa watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka 5.

Mama, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake, uhesabu kwa dakika 1 nzima kwa saa ya mkono au ya simu:
– mtoto asiyefika miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari;
– miezi 2 mpaka 11: 50 au zaidi ni hatari;
– mwaka 1 mpaka 4: 40 au zaidi ni hatari.
Ukiona pia mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, ao anakataa kunyonya, ao analala tu bila kuamka vizuri, usingoje kesho. Usimpe kwanza dawa ya sokoni. Umlete kwa munganga siku ile ile.

2. Makala hayana moshi. Hayana hatari?

Wamama wengi wanasema: «Mimi sipiki na kuni, niko na makala, nyumba yangu haina moshi.» Ni kweli, moshi ni kidogo. Lakini makala yanapowaka yanatoa hewa nyingine yenye sumu. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haikoholeshi mtu. Inaingia katika damu na kushika fasi ya hewa nzuri. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, kisha usingizi unamchukua. Wengine hawaamki tena. Kwa mama mwenye mimba, sumu hiyo inamfikia hata mtoto aliye tumboni. Moshi na hewa hiyo vinaweza kufanya mtoto azaliwe na kilo chache.

Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa inayotoka chini ya ardhi ya volkano na kuua mbuzi, hata watu, katika mabonde. Hewa ya makala ni ya namna nyingine, lakini inatufundisha jambo lile lile: kitu kisichoonekana kinaweza kuua.

Basi, usilale hata siku moja na mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Hata baridi ikiwa kali. Hata mvua ikinyesha. Hata kama makala yamebaki mekundu kidogo tu. Ukikuta mtu ameanguka katika nyumba yenye mbabula, fungua mlango, umtoe nje kwenye hewa safi, kisha umpeleke lopitali mbio.

3. Makala yanatoka wapi?

Gunia linafika sokoni likiwa limefungwa na majani juu, na sisi tunauliza bei tu. Tuulize pia limetoka wapi. Katika tanuru ya udongo, ile ya kawaida, kilo 1 ya makala inaweza kumaliza kilo 5 mpaka 10 za kuni. Maana yake, sehemu kubwa ya mti imekwisha kupotea mbele hata hujawasha kiberiti.

Hapa kwetu Kivu, makala mengi ya Goma yametoka katika miti ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Mwaka 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi walipofika kutoka Rwanda, miti mingi ilikatwa juu ya kupika. Watu hawakuwa na moto mwingine. Hatuwahukumu. Lakini mlima uliobaki uchi haushiki tena udongo. Mvua inateremsha shamba zima mpaka mtoni. Chemchemi inapungua. Na mama anayetafuta kuni anakwenda mbali zaidi kila mwaka, fasi ambako anaweza kukutana na watu wenye silaha. Hiyo pia ni jambo la afya.

4. Moto wetu na joto la dunia

Ukimfunika mtoto mwenye homa na blanketi tatu, joto lake haliwezi kutoka, na homa inapanda. Dunia nayo iko na blanketi yake ya hewa. Petroli, makaa ya mawe na miti inapochomwa, gesi ya kaboni inapanda na kufanya blanketi hiyo kuwa nzito. Joto linabaki chini. Majira ya mvua yanageuka, na mvua kali zinaharibu zaidi.

Mti ukikatwa na mwingine ukamea fasi yake, mti ule mpya unarudisha gesi hiyo ndani yake. Msitu ukikatwa na usiote tena, gesi inabaki hewani. Msitu wa bonde la Kongo ni wa pili kwa ukubwa kati ya misitu ya mvua ya dunia, nyuma ya ule wa Amazon, na sehemu yake kubwa iko katika inchi yetu. Ndiyo sababu watu wa mbali wanauliza habari zake.

Mama mmoja atauliza: «Basi ni mimi na sufuria yangu tunaoharibu dunia?» Hapana. Mtu mmoja wa Marekani, tukigawanya sawasawa, anatoa zaidi ya tani 13 za gesi hiyo kwa mwaka kwa petroli, makaa ya mawe na gesi. Mkongomani mmoja kwa vitu hivyo hafiki hata tani 1. Mzigo mkubwa si wako, na wale wenye mzigo mkubwa wanapaswa kuubeba. Lakini faida ya moto mzuri inaanza kwako: katika kifua cha mtoto wako, katika franga zako, katika mlima ulio juu ya nyumba yako.

5. Tufanye nini katika nyumba?

Hatua hizi zimepangwa kutoka ile isiyoomba franga mpaka ile inayoomba nyingi.

a) Pika nje ya nyumba, ao chini ya kibanda kilicho wazi. Kama ni lazima kupika ndani, fungua mlango na dirisha, utoboe ukuta pale juu moshi upite. Mtoto asikae karibu na moto.

b) Kausha kuni mbele ya kuzichoma. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na moto kidogo.

c) Loweka maharagi usiku mzima. Mwaga maji yale, weka mapya. Funika sufuria. Maharagi yataiva mbio zaidi.

d) Tengeneza kikapu cha kuivisha. Chukua kikapu kikubwa, ujaze majani makavu ya ndizi ao vitambaa vya zamani, uache shimo katikati. Maharagi yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa. Kisha weka sufuria yenye kifuniko katika shimo, funika na mto ao blanketi ya zamani, uache saa 3 ao 4. Yanaendelea kuiva bila moto. Mbele ya kula uyachemshe tena. Usiyaache ndani mpaka kesho, yataharibika.

Lakini sikia vizuri: sombe si maharagi. Majani ya muhogo yako na sumu. Yatwangwe sana, yachemke muda mrefu na sufuria ikiwa wazi, sumu itoke na mvuke. Hata muhogo mchungu, usipunguze siku za kuuloweka. Kwa sombe, hapana kubania moto.

e) Nunua ao tengeneza mbabula bora, ile yenye udongo ndani unaoshika joto. Inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu. Hesabu wewe mwenyewe: kama ulikuwa ukimaliza ndoo 7 kwa wiki na sasa ni 5, bei ya ndoo 2 imebaki katika kitambaa chako. Uweke pembeni mpaka bei ya mbabula irudi.

f) Pale penye briketi za takataka za mimea, uzijaribu. Zinaacha mti usimame. Lakini nazo zinatoa ile hewa ya sumu, basi ni nje tu.

6. Nguvu ya jua na nguvu ya maji

Taa ya petroli ya mkebe inatoa moshi karibu na uso wa mtoto anayesoma. Na petroli ikiwekwa katika chupa ya limonade, mtoto anaweza kuinywa akifikiri ni maji. Ikitokea, usimtapishe; umlete kwetu upesi. Taa ndogo ya jua inaondoa hatari hizo mbili. Lakini usidanganywe na muuzaji: pano ndogo, ni kusema kile kibao cheusi kinachokamata jua, inawasha taa na kuchaji simu. Haiwezi kuchemsha maharagi.

Kwa kupika, nguvu yetu kubwa ni maji. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982, na bado nyumba nyingi za inchi hii ziko katika giza. Hapa Kivu, kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru kilifunguliwa mwezi wa 12 mwaka 2015. Pale umeme unapofika na bei inawezekana, sufuria ya umeme yenye kifuniko cha kufunga kabisa inaivisha maharagi na umeme kidogo kuliko jiko la sahani. Mwenye ng'ombe wawili ao watatu na maji ya kutosha anaweza kupika kwa gesi ya samadi.

Mambo haya ya franga, zungumza na baba watoto. Mwambie hesabu ya ndoo, na hesabu ya siku ulizolala lopitali na mtoto.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA
1. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Utafanya nini?
2. Sababu gani mbabula haiingii katika nyumba ya kulala?
3. Chakula gani hatukipunguzii moto?
4. Wiki hii wewe utaanza na hatua gani: a, b, c ao d?

Ulizo la 4 ujibu kwa mikono. Siku ya kupima watoto, tutaulizana.