TUOGOPE KIPI: MCHELE WA PLASTIKI AU MAHINDI YENYE UKUNGU?



Leo katika ukurasa wa afya tutazungumza juu ya mchele na mahindi. Vyote viwili vimo nyumbani mwako. Kimoja kimewatisha watu wengi bila sababu. Kingine kimeua watu, na wengi wetu hatukiogopi.

Tumfikirie mama mmoja wa kijiji kilicho karibu na Peramiho. Ni mwaka 2017. Kesho mtoto wake anapata komunio ya kwanza. Mama ameuza kuku watatu, akanunua kilo 10 za mchele katika soko la Songea. Jioni wifi yake anafika kutoka mjini. Ana simu yenye picha zinazotembea.

"Wifi, mchele huu umeutoa wapi?"

"Sokoni."

"Usiwape watoto. Hebu tazama hapa."

Katika simu, mtu amefinya wali akafanya tonge. Analirusha sakafuni. Tonge linadunda kama mpira. Sauti inasema kuwa huo ni mchele wa plastiki uliotoka China. Mama anashika kichwa. Anaumwaga mchele wote katika shimo la taka. Kisha anakwenda kwenye gunia la mahindi lililo pembeni mwa nyumba, lile lililolowa mvua za mwisho. Punje nyingine zina ukungu wa kijani. Anayapeta, anayapeleka mashineni. Kesho yake wageni wanakula ugali. Wifi naye anakula, wala hasemi neno.

Mama huyu ni wa mfano tu. Lakini picha za namna ile zilienea kweli katika Afrika Mashariki na Magharibi, hasa miaka ya 2016 na 2017. Magazeti na redio nazo zikaulizana: "Je, tunakula plastiki?" Asubuhi jambo lilikuwa swali redioni. Jioni sokoni limekuwa kweli.

JE, TONGE LINALODUNDA NI PLASTIKI?

Hapana. Mchele una wanga mwingi. Wanga ukipikwa kwa maji hunata. Ndiyo maana mtoto wa shule asiye na gundi hubandika karatasi kwa punje za wali. Ukifinya tonge kwa nguvu, wali hushikana na ndani hubaki hewa kidogo. Ukilirusha, linaruka. Mchele wa Tunduru utadunda, wa Kyela utadunda, hata ule uliolima kwa mkono wako mwenyewe utadunda. Jaribu kwa tonge moja, lakini usichezee chakula cha watoto.

Watu wengine walichoma punje za mchele kwa kiberiti. Ziliposhika moto wakasema, "Mmeona? Plastiki!" Lakini kila nafaka kavu huungua. Mchele ukiungua hunuka kama ukoko wa sufuria. Plastiki huyeyuka, hudondoka matone, na harufu yake unaijua tangu siku ulipochoma mfuko wa rambo.

Tena fikiri juu ya sufuria yako. Unatia vikombe 2 vya mchele, unapakua wali mwingi zaidi. Mchele umekunywa maji na kuvimba. Plastiki hainywi maji. Na wali ukilala siku mbili huchacha. Plastiki haichachi.

Zilikuwapo pia picha za mashine inayotoa punje nyeupe. Mashine hizo ni za kweli. Huyeyusha plastiki chakavu na kuikata vipande vidogo, ili viwandani itengenezwe ndoo na mabeseni. Aliyesema kuwa punje zile ni mchele ni yule aliyeweka maneno juu ya picha.

HABARI YA NIGERIA

Mwezi Desemba 2016 watu wa forodha wa Nigeria walikamata magunia 102 ya mchele mjini Lagos. Walisema ni mchele wa plastiki. Habari hiyo ilitangazwa duniani kote. Kisha shirika la serikali ya Nigeria linalosimamia chakula na dawa liliupima mchele ule. Likakuta kuwa si plastiki. Ulikuwa mchele wa kawaida, lakini ulikuwa na vijidudu vingi kupita kiasi, kwa hiyo haukufaa kuliwa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Hatari ilikuwapo kweli. Ilikuwa hatari ile ya siku zote: chakula kilichotunzwa vibaya. Lakini habari ya vijidudu haina utamu wa kusimulia, na wengi walioisikia ile ya kwanza hawakuisikia hii ya pili.

Hatusemi kwamba walioamini ni wajinga. Mkulima aliyewahi kuuziwa mbegu feki ana haki ya kuutazama mfuko mara mbili. Wafanyabiashara wadanganyifu wapo. Huko China kwenyewe, mwaka 2010, ilibainika kuwa mchele wa kawaida ulitiwa harufu ukauzwa kama mchele mzuri wa Wuchang. Huo ulikuwa wizi, na mlaji aliibiwa fedha. Hata hivyo alikula mchele. Mwizi hutafuta faida. Akitengeneza punje moja moja kwa plastiki, aziwekee rangi, azipakie melini hadi kwetu, kisha azishindanishe bei na mchele wa shamba, faida yake ataipata wapi?

Kwa hiyo ukiletewa habari ya kutisha juu ya kitu cha nyumbani, kiwe sufuria, chumvi au chandarua, usianze kwa kutupa. Muulize aliyeileta: Nani amepima? Alikuta nini, na kwa kiasi gani? Ni nani aliyeumwa, na anaishi wapi? Jibu likiwa "nimetumiwa tu", nenda zahanati au kwa afisa afya wa kata, umwulize. Tangu mwaka 2019, ubora na usalama wa chakula nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

SASA TURUDI KWENYE GUNIA LA PEMBENI

Mwaka 2016, kabla uvumi wa mchele haujashika kasi kwetu, watu waliugua katika wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto, mikoa ya Dodoma na Manyara. Walitapika na kuumwa tumbo. Macho yaligeuka manjano, matumbo na miguu ikavimba. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 68. Kati yao 20 walikufa. Mahindi ya nyumbani kwao yalipopimwa, yalikutwa na sumukuvu nyingi sana. Wenzetu wa Kenya walipata msiba kama huo mwaka 2004: wagonjwa 317, na waliokufa ni 125.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu wa aina fulani. Ukungu huo hupenda mahindi na karanga. Huanza shambani, hasa kwenye punje zilizotobolewa na wadudu. Huongezeka mahindi yakianikwa juu ya udongo, au yakitiwa ghalani kabla ya kukauka. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Karanga, ndugu msomaji! Kitu tunachompa mtoto ili anenepe.

Sumukuvu ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Ikiwa kidogo, ikaliwa mwaka hadi mwaka, huharibu ini na huweza kuleta saratani. Haina ladha. Moto wa jikoni hauiondoi. Kukoboa mahindi hupunguza sehemu ya sumu, lakini hakuimalizi. Kupeta kama alivyofanya yule mama hakutoshi, maana punje nyingi zenye ukungu ni nzito kama nyingine. Ni lazima kuketi na kuchambua kwa mkono: toa zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa. Najua kazi hiyo inachosha. Waiteni na akina baba na vijana, maana na wao wanakula.

Punje ulizotoa usizipeleke kwenye komoni. Pombe haifukuzi sumu. Usiwape kuku wala ng'ombe pia. Kuku watadhoofika, na ng'ombe ataitoa sumu katika maziwa. Zifukie mbali na mifugo.

Hapa kwetu Songea mahindi ndiyo chakula na ndiyo fedha. Mvua zikiisha, watu wana haraka: ada ya shule inangoja, mnunuzi yuko barabarani. Ndipo mahindi mabichi hutiwa maguniani. Yaanike juu ya turubai au kichanja, uyafunike umande ukianguka. Weka magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta.

Utajuaje kuwa yamekauka? Ipo njia isiyohitaji fedha. Tafuta chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa. Ongeza chumvi kavu, vijiko vichache. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Tazama ukuta wa chupa kwa ndani. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, unaweza kuyatia ghalani. Ikumbuke tu njia hii kwa kazi yake: hupima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu, hata yakikauka, sumu yake imebaki.

Mtu wa nyumbani akitapika, macho yakawa ya manjano na tumbo likavimba, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Mweleze mganga mlichokula. Kama wagonjwa ni wengi katika nyumba moja, acheni kula mahindi yale mpaka yachunguzwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini tonge la wali hudunda?

2. Mchele uliokamatwa Lagos ulikuwa na kasoro gani?

3. Leteni chupa, chumvi na mahindi kutoka nyumba tatu. Pimeni pamoja. Mahindi ya nyumba ipi yarudi juani?

4. Wiki hii, ni habari gani ya kutisha uliyoletewa kwa simu? Nani amepima?