Kumfunga Mnyama wa Bahari kwa Ajili ya Mchezo

Mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu ametuuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Asema kwamba jamaa zake waendao Ghuba kwa kazi hurejea na picha za pomboo wanaochezeshwa ndani ya mahodhi, na kwamba huko Marekani na Ulaya huchezeshwa hata nyangumi muuaji, yule aitwaye orka. Ataka kujua: je, yafaa kumfunga mnyama kama huyo umri wake wote ili watu watoe pesa wamtazame akiruka? Na mwenye kununua tikiti ana sehemu gani katika jambo hilo? Haifai kulijibu swali hili kabla ya kumjua mnyama mwenyewe, na kujua alifikaje humo hodhini.

Orka, ijapokuwa huitwa nyangumi, kwa nasaba ni jamaa ya pomboo, naye ndiye mkubwa wao wote. Dume hupata hata futi 25 kwa urefu. Huenda pamoja na jamaa zake, na katika makundi yanayokula samaki kwenye pwani ya magharibi ya Canada na Marekani imeonekana kwamba mtoto, awe dume au jike, haachani na mama yake maisha yote. Kila jamaa ina milio yake ambayo wadogo hujifunza kwa wakubwa, mfano wa Kiamu kilivyo mbali na Kimvita. Jike huweza kuishi miaka 80. Na juu ya jina lake baya, haijathibitika kwamba orka aliye huru baharini amewahi kumwua mwanadamu.

Biashara yake haina umri mkubwa. Wa kwanza alikamatwa California mwaka 1961, wala hakuishi hata siku tatu. Mwaka 1964 wenye hifadhi ya samaki ya Vancouver walimpeleka mtu na chusa amwue orka mmoja ili mchongaji apate kuiga umbo lake. Orka hakufa. Wakamkokota hadi mjini, wakamwita Moby Doll kwa kudhani ni jike, na alipokufa mwaka ule ule ndipo ilipojulikana kuwa ni dume. Mwaka uliofuata mtu mmoja wa Seattle, Ted Griffin, alimnunua kwa wavuvi orka aliyenaswa, kwa dola 8,000, akamwita Namu, na watu wakamiminika kumtazama kwa malipo. Namu alikufa mwaka 1966, lakini wafanyi biashara walikuwa wamekwisha kuona faida iliyomo.

Tarehe 8 Agosti 1970, mahali paitwapo Penn Cove katika jimbo la Washington, wawindaji walilisukuma kundi kubwa la orka ndani ya ghuba nyembamba kwa mashua, ndege na baruti za kutisha. Hawakutaka wakubwa, kwa kuwa kuwasafirisha ni taabu. Walitaka watoto. Wakawatenga kwa nyavu, na waliokuwapo wameeleza jinsi wakubwa walivyobaki nje ya nyavu wakilia na watoto wakiwajibu. Saba walichukuliwa. Wengine walizama katika nyavu, na waliokufa walipasuliwa matumbo, wakajazwa mawe na kutoswa, ili watu wasijue. Bahari haikuficha siri hiyo; baada ya miezi michache maiti zilitupwa pwani.

Mmoja katika wale saba alipelekwa Miami, akaitwa Lolita. Hodhi lake kina chake kilikuwa kama futi 20, na yeye mwenyewe urefu wake ulikuwa kadiri hiyo hiyo. Mwenzake alikufa mwaka 1980, na toka hapo hakumwona tena orka wa jinsi yake mpaka alipokufa tarehe 18 Agosti 2023. Msomaji na alifikirie birika la msikiti wake, kisha ajaalie kuishi humo miaka hamsini.

Sasa tutazame dini yatuelekeza wapi. Imepokewa kwa Ibn Mas'ud kwamba masahaba walipokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemfajaisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru arudishiwe. Hapakuwa na njaa hapo wala kipigo. Dhulma ilikuwa ni kule kutenganisha. Mwenye kuijua hadithi hii, kisha akasoma khabari ya Penn Cove, hana haja ya kuelezwa zaidi juu ya uwindaji ule.

Lakini mwenye kutetea atasema: uwindaji wa namna hiyo umepita. Orka wengi waliomo mahodhini leo wamezaliwa humo humo, wanalishwa, wana matabibu. Tena atatoa hoja iliyo na nguvu: mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka alimfunga bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na Abu Umeir, mtoto mdogo, alikuwa na kidege chake, na Mtume hakumkataza, bali alimfanyia maskhara kwa upole kilipokufa. Wanavyuoni wametoa humo dalili ya kuwa kumweka ndege tunduni ni jaizi, sharti alishwe na anyweshwe.

Hoja hii hatuidharau. Lakini chakula ni moja katika haja za mnyama, si zote. Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, wala hakukomea kwenye lishe. Ametaja kuwa asitwikwe asiloliweza, awekwe mahali pa kumfaa, asichanganywe na mwenye kumdhuru kwa kumvunja au kumjeruhi, awe wa jinsi yake au wa jinsi nyingine. Tazama basi yaliyotokea San Diego Agosti 1989: orka wa Iceland aliyefungwa pamoja na orka wa Pasifiki alimkumba mwenziwe mbele ya watazamaji, akavunjika taya yeye mwenyewe, akatoka damu hata akafa, na mtoto wake yuko ubavuni. Baharini dhaifu hukimbia. Hodhini atakimbilia wapi?

Na khabari ya Tilikum ni mashuhuri. Alitwaliwa Iceland mwaka 1983 naye ana umri wa miaka kama miwili, akafungwa Canada pamoja na majike wawili waliokuwa wakimtesa, kisha akapelekwa Florida. Watu watatu walikufa kwake, mwaka 1991, 1999 na 2010. Wawili kati yao ni wafunzi wa orka. Sisi hatusemi mnyama huyo ana dhambi.

Yasemwa pia kuwa watoto hujifunza. Ukweli usemwe: kabla ya Moby Doll na Namu watu wa pwani zile walikuwa wakimpiga orka risasi kama adui, na kumwona karibu kumezigeuza nyoyo nyingi. Faida hiyo imekwisha kupatikana. Mtoto amwonaye leo akirusha maji kwa kupewa samaki hajifunzi khabari za orka. Ajifunza kwamba mkubwa wa baharini aweza kufanywa kikaragosi.

Serikali nyingine zimekwisha kuliona hili. California ilikataza mwaka 2016 kuwazalisha na kuwachezesha, na mwaka huo huo kampuni ya SeaWorld ikatangaza kuacha kuzalisha. Canada ilipitisha sheria yake mwaka 2019, Ufaransa mwaka 2021. SeaWorld ya Abu Dhabi ilipofunguliwa mwaka 2023 haikuwa na orka, ila ina pomboo, na yaliyosemwa hapa mengi yawahusu pomboo nao.

Kutoa fatwa ya haramu twawaachia wenye cheo hicho. Twalosema ni kwamba hodhi laendeshwa kwa pesa za tikiti, na mwenye kuitoa hali ajua si sawa na asiyejua. Mwanafunzi wetu awaeleze jamaa zake kwa upole, kwani wengi wao huingia kwa ajili ya watoto tu.

Wabaki wale waliozaliwa hodhini. Kuwatupa baharini pia ni kuwaua: Keiko, aliyekuwa katika filamu ya mwaka 1993, alirudishwa Iceland, akatoka baharini mwaka 2002, akavuka mpaka Norway huku akiwafuata watu, akafa mwaka 2003. Hapa Izzuddin ametangulia kusema kuwa mwenye mnyama yampasa kumlisha hata akizeeka au akiugua asiwe na manufaa tena. Basi waliochuma kwa migongo yao wawatengee ghuba pana zenye maji ya bahari, wawalishe humo mpaka ajali zao zifike, wala wasiwatoze watu kiingilio cha mchezo.