Umeuza Santuri Zako na Sasa Roho Inauma? Vidokezo 9 vya Kukuvusha

Kreti zimeshaondoka. Mnunuzi amehesabu noti, mmeshikana mikono, gari limekata kona, na wewe umebaki sebuleni ukitazama ile miraba ya sakafu isiyo na vumbi. Pole sana. Kabla hujaanza kujilaumu, sikia hili: anayejuta kuuza santuri ni mtu aliyezipenda kwelikweli, na hilo si la kuonea aibu. Hapa pana vidokezo vya usiku huu na vingine vya mwezi mzima. Chukua kinachokufaa, kingine kiruke. Twende!

1. Simu iweke chini, ulale kwanza

Najua namba yake unayo. Najua unataka kumwambia arudi kesho asubuhi na kila kitu, nauli juu yako. Subiri! Majuto ya usiku wa kwanza ndiyo yenye kelele kuliko yote, na hata kitu kidogo tukikiacha huuma. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio yao maarufu ya vikombe. Waliopewa kikombe walitaka takribani dola 7 ndipo wakiuze. Walioambiwa wanunue kilekile hawakufika hata dola 3. Na hao walikuwa wamekaa na kikombe muda mfupi tu. Sasa wewe na sahani zilizokesha nawe tangu ujana, unategemea nini? Andika ujumbe wako kama unakukaba, ila usiutume mpaka wiki ipite.

2. Orodha ya dakika kumi

Chukua karatasi na kalamu. Andika santuri zote unazozikumbuka kwa jina, bila kuchungulia picha wala kuuliza mtu. Dakika kumi zikiisha, weka kalamu chini. Wengi hushangaa: walikuwa na kreti nzima, lakini zilizoingia kwenye karatasi hazijazi hata ukurasa. Hizo ndizo zilizokuwa zako. Zilizobaki ulikuwa unazitunza tu, unazifuta vumbi na kuzihamisha kila ulipohama nyumba. Karatasi hiyo itunze vizuri, utaihitaji mara kadhaa hapa chini.

3. Je, unaulilia wimbo, sahani, au mtu?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo. Mbele ya kila jina kwenye karatasi yako andika herufi moja: W kwa wimbo, S kwa sahani, M kwa mtu.

Ukiandika W, umepona nusu. “Sina Makosa” ya bendi ya Les Wanyika inapigwa redioni, harusini na kwenye daladala tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wala haijaonyesha dalili ya kupotea. Zile ngumu zaidi kupatikana nazo zimeanza kurudi. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, ulioanza mwaka 2005, una toleo la taarabu ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975, na mengine ya muziki wa dansi wa Tanzania. Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013. Kumbuka pia kwamba bendi nyingi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao kadhaa hazikuwahi kutoka kwenye santuri kabisa. Huenda wimbo unaoulilia hukuwa nao hata siku moja, uliusikia redioni!

Ukiandika S, basi unalikosa lile umbo lenyewe, na nakuelewa. Sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zilikuwa na utamu wake. Wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza waimbaji wanatoa kisa chote, sauti inafifia, unainuka kitini, unageuza sahani, unashusha sindano taratibu, chwaa kidogo, halafu magitaa yanachanganya na watu wanaingia uwanjani. Kule kuinuka kugeuza ni sehemu ya muziki, na simu haikupi hilo. Hapa dawa ni sahani, ila sahani chache. Nenda kidokezo cha 7.

Ukiandika M, tulia. Labda ni baba aliyekuja nayo kutoka Nairobi, au shangazi aliyekuwa hakai chini mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe akianza kupiga gitaa. Kumnunua tena kwenye mnada haiwezekani, na hata ungepata sahani ileile yenye saini yake ya wino kwenye lebo, ungebaki unamtafuta. Mpigie simu mtu aliyekuwepo siku zile, mzungumze nusu saa juu yake. Fanya hivyo leo, watu hao wanapungua.

4. Bei za mtandaoni zisikunyime usingizi

Unafungua Discogs, soko la santuri mtandaoni, unaona sahani kama yako inauzwa kwa fedha ambayo ungelipia ada ya muhula. Moyo pyaa! Sasa vuta pumzi, uangalie mambo mawili. La kwanza, hiyo ni bei anayoiomba muuzaji, na kuomba si kupata. Ukurasa uleule una sehemu inayoonyesha sahani hiyo imewahi kuuzwa kwa bei gani hasa, ya chini, ya kati na ya juu. Soma hiyo. La pili ni hali ya mali. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hupanga santuri kwa madaraja, na bei kubwa ni ya sahani isiyo na mkwaruzo. Zetu zilifanya kazi. Zilipigwa kwenye ngoma za usiku kucha, sarafu ikiwekwa juu ya kichwa cha sindano ili isiruke, na jalada la karatasi lilipochanika tulishonea gazeti. Sahani hiyo ilitumikia watu vizuri, na hailingani bei na ile iliyolala kabatini miaka hamsini.

5. Ujumbe wa kiungwana

Wiki imepita? Vizuri, sasa unaweza kumwandikia mnunuzi. Usimdai na usimlaumu, maana alilipa mlichokubaliana. Omba mawili tu. Mfano:

“Habari za siku, ndugu yangu. Natumaini zile santuri zimefika salama. Naomba mawili: ukija kuamua kuuza yoyote katika hizi tano, uniambie mimi kwanza kabla ya mtu mwingine. Na kama una namna ya kurekodi, naomba unirekodie hii moja, pande zote mbili. Nitashukuru sana.”

Taja majina, yale ya herufi S na M kwenye karatasi. Mpenzi wa santuri anamjua mpenzi mwenzake, na wengi wao wana mitambo ya kurekodia. Akikubali, mwombe faili la WAV badala ya MP3, kwa sababu halipunguzwi ubora. Akikataa, umepoteza nini?

6. Pale palipo wazi, pajaze

Leo hii. Sogeza kiti, weka redio, weka chungu cha maua, weka viatu vya watoto ikibidi. Nafasi tupu yenye umbo la kreti itakusimanga kila upitapo.

7. Ukirudi sokoni, rudi na sheria

Si dhambi kununua tena! Kuna raha yake kusimama kwenye kibanda cha santuri pale Kenyatta Market, Nairobi, ukipekua moja baada ya nyingine mpaka vidole viwe vyeusi. Ila bila sheria utarudi nyumbani na kreti nzima ya mali ya watu wengine, na orodha yako haijaguswa. Sheria yangu ninayoipenda ni hii: sahani moja kwa mwezi, iwe kwenye karatasi, na uisikilize kabla hujalipa.

Kuikagua, iinamishe chini ya taa uone mwanga unavyotembea juu yake. Mikwaruzo midogo inayoonekana lakini ukucha hauigusi mara nyingi haisumbui sana. Ule mkwaruzo unaokwamisha ukucha, achana nao. Kisha ilaze usawa wa macho: ikiwa imepinda kama chapati, huenda ilikaa juani, na sindano itayumba.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Zile sahani nzito za zamani za mizunguko 78, kama zile zilizotokana na safari ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad ya kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, usizifute kwa spiriti hata kidogo. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa laki, na spiriti inauyeyusha. Utafuta uchafu na muziki pamoja. Maji safi kidogo, kitambaa laini, lebo isilowe, kisha kausha palepale. Hizo pia huvunjika kirahisi, kwa hiyo zisimamishe wima wala usizirundike.

8. Kama aliyeuza ni mama

Visa vya namna hii ni vingi kuliko tunavyodhani: mzee amefariki, watoto wako mbali, mama kauza santuri za marehemu kwa mtu aliyepita mtaani, na sasa mtoto wa tatu ana hasira. Mwanangu, punguza. Mama yako hakumuuza baba. Aliuza maboksi yaliyoziba dirisha, na huenda kila alipoyatazama alilia peke yake, wewe ukiwa kazini mjini. Badala ya kumuuliza kwa nini, nenda nyumbani Jumapili, msalimie vizuri, tafuta wimbo mmoja wa enzi zao kwenye simu, uuweke mezani. Kisha sema tu: “Shikamoo mama. Hivi huu mlikuwa mnauchezea wapi na baba?” Halafu nyamaza. Akikuruhusu, washa kinasa sauti cha simu. Utarudi mjini na kitu ambacho hakikuwemo kwenye boksi lolote.

Na ukiwa hapo, tazama pesa ilifanya nini. Mabati? Ada ya mjukuu? Dawa? Ni vizuri vitajwe kwa majina na kila mtu avisikie. Hata wewe uliyeuza mwenyewe, fanya hivyo: andika nyuma ya ile karatasi pesa ilikwenda wapi. Majuto hupenda kujifanya kwamba hukupata chochote.

9. Andika unachokijua wewe

Hiki nakipenda kuliko vyote. Lebo ya santuri ina maneno machache sana: jina la bendi, mtunzi, kampuni, namba. Haisemi nani alipiga solo, nani aliitikia, wimbo ulimsema nani, wala kwa nini mtaa mzima ulinyamaza ulipotoka. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na waliomwona jukwaani na Morogoro Jazz au Super Volcano sasa ni wazee. Mengi ya haya yako kichwani mwako, na aliyenunua kreti zako hakuyapata, kwa sababu hukuyauza.

Nunua daftari la kurasa mia. Kila jina kwenye orodha yako lipe ukurasa wake: ulinunua wapi, kwa nani, ulicheza na nani, nani alikuwa kwenye gitaa, mstari gani mliuimba mkakosea wote. Huna haja ya kuandika vizuri, andika tu. Ukifikisha kumi, piga picha kurasa hizo umtumie yule mnunuzi, aziweke pamoja na sahani zake. Nakala nyingine mpe kijana yeyote wa ukoo anayepiga gitaa. Anza na ule wimbo ambao mpiga solo wake hakuandikwa popote, na jina lake unalijua.